WANYAMA WA NYUMBANI NA HAKI ZAO JUU YETU

Ni nyumba chache katika mashamba ya Pemba zisizokuwa na mnyama. Ukipita Micheweni au Wete, Chake Chake au Mkoani, utaona paka amelala barazani, punda amefungwa chini ya mwembe, na penye mazao yanayoharibiwa na tumbili utasikia mbwa akibweka. Wengine wamenunuliwa, wengine wamezaliwa papo hapo, na wengine waliokotwa njiani au jaani wakiwa na njaa, wakahurumiwa na kutiwa nyumbani. Kwa maneno haya machache twapenda kuwaeleza wasomaji wetu furaha ya kukaa na wanyama hawa, na zaidi wajibu unaomfuata kila mwenye kuwaweka. Maana wajibu huo ukiachwa, taabu yake humfika mwenye nyumba na jirani zake pia, na kisiwa cha Pemba kimekwisha kuona mfano wake.

Furaha yenyewe haihitaji maelezo marefu. Paka huulinda mpunga na panya, na jioni humwendea mzee aliyekaa peke yake akamlalia miguuni. Mbwa hukesha ili mwenyewe apate kulala. Na mtoto aliyezoezwa kumtilia maji mnyama kila asubuhi hujifunza huruma na kutimiza ahadi, mambo mawili ambayo ni shida kuyafundisha kwa maneno matupu.

Wala jambo hili si geni kwetu. Tangu chuoni twasimuliwa habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hata akafa kwa njaa, na za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kuteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu. Wako watu wamchukiao mbwa kwa sababu mate yake ni najisi. Lakini sheria hiyo hiyo iliyotufundisha kuosha chombo alichokiramba imeruhusu kuweka mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda mazao. Basi aliyeruhusiwa kuwekwa ana haki ya kutunzwa.

Haki ya kwanza ni chakula na maji. Yatosha kifuu cha nazi chenye maji safi, kijazwe asubuhi na jioni, na chakula cha kila siku. Mnyama asiyelishwa kwao hutembea kutafuta, akaingia katika vyakula vya watu na kupigana na wenziwe.

Haki ya pili ni kivuli na nafasi. Mbwa aliyefungwa kamba fupi juani mchana kutwa huwa mkali, na ukali huo haubagui mwizi na mtoto wa jirani.

Haki ya tatu ni kazi kwa kadiri ya nguvu. Punda atazamwe mgongo kila mara kabla ya kutiwa shogi, na akiwa na donda aachwe mpaka lipone. Kumpakia mzigo juu ya donda ni dhulma, na tena ni hasara, kwa kuwa punda mgonjwa hachukui karafuu wala nazi.

Haki ya nne ni kinga ya maradhi, na hapa tutakaa kidogo, kwa kuwa hii inagusa roho za watu. Kichaa cha mbwa hutokana na kijidudu kisichoonekana kwa macho, kikaacho katika mate ya mnyama mgonjwa. Akimuuma mtu, kijidudu huingia jerahani kikafuata mishipa ya fahamu mpaka ubongoni. Safari hiyo aghalabu huchukua miezi miwili au mitatu. Pengine hupungua, na pengine hufika mwaka. Zikishaonekana dalili, kama kuogopa maji, kuweweseka na kupooza, hakuna dawa, na karibu kila mgonjwa hufa. Shirika la Afya la Ulimwengu lakadiria kuwa watu wapatao 59,000 hufa kwa maradhi haya kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na katika kila 100 wanaoyapata, 99 wameyapata kwa mbwa. Watoto ni wengi miongoni mwao, kwani ndio wachezao na mbwa, na pengine huficha jeraha kwa kuogopa kugombezwa.

Mwaka 2010 maradhi haya yalikuwa yakizunguka Pemba. Wataalamu waliofuatilia mbwa walioshukiwa na watu walioumwa waligundua minyororo mitano ya maambukizo ikienda kwa wakati mmoja. Ikaanzishwa chanjo ya mbwa ya kila mwaka kisiwani kote, na kadiri ilivyotengenezwa vizuri zaidi, mbwa wenye kichaa walipungua, na watu walioumwa na waliokufa wakapungua pia. Kufika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Hapo chanjo ikalegea. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingizwa tena kutoka nje ya kisiwa, mara mbili mbalimbali, yakawakuta mbwa wasio na kinga, yakaenea. Ilibidi chanjo irudishwe kisiwani kote, na Oktoba 2018 yakakomeshwa mara ya pili.

Habari hii yafundisha mambo mawili. Kwanza, maradhi haya yaweza kuondolewa kabisa. Pili, bahari peke yake haitoshi kutulinda. Mnyama aliyeumwa huko atokako aweza kupakiwa chomboni akionekana mzima, na ugonjwa ukatokea baada ya kushushwa. Yataka katika kila mbwa 100 wasipungue 70 waliochanjwa, na kazi hiyo irudiwe, kwa sababu kila mwaka mbwa wa zamani hufa na wengine huzaliwa bila kinga. Wako wasemao kuwa dawa ni kuwaua mbwa wote. Hayo yamejaribiwa katika nchi nyingi wala hayakukomesha maradhi. Waliouawa huwa pamoja na waliochanjwa, na nafasi zao hushikwa na wengine wasio na kinga. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe ni yule mbwa mmoja aliyefichwa siku ya chanjo.

Sasa twaja kwa mnyama aliyeokotwa. Kumhurumia ni jambo jema, lakini huruma yataka akili. Usimkamate kwa mikono mitupu mbwa usiyemjua, hasa akiwa anatoka mate, anayumba, au anauma kila kitu. Mwite bwana mifugo, na watoto wakae mbali. Akiwa mtulivu, mpe maji na chakula, mtenge na wanyama wengine, kisha mpeleke akatazamwe na kuchanjwa. Paka naye yafaa achanjwe. Vipaka wachanga wasiondolewe kwa mama yao kabla ya wiki nane, wala wasipewe maziwa ya ng'ombe, maana huwaharisha. Na asiyetaka wanyama wengi amwulize bwana mifugo njia ya kumhasi dume au kumfunga uzazi jike. Hilo ni bora kuliko kutupa watoto jaani.

Wanyama wa mwitu wana haki nyingine, nayo ni kuachwa kwao. Popo wa Pemba, asiyepatikana po pote duniani ila kisiwani humo, alikuwa karibu kwisha mwishoni mwa miaka ya 1980. Wanavijiji walipomlinda, kama huko Kidike, wakaongezeka wakawa maelfu. Hawakufugwa, waliachiwa miti yao.

Mwisho, yashikeni haya. Mtu akiumwa na mbwa au paka, au akikwaruzwa, jeraha lioshwe mara ile ile kwa maji yanayomiminika na sabuni, kwa muda wa dakika 15. Kuosha kwa ajili ya najisi hakutoshi badala ya kuosha huku, wala mchanga usitiwe jerahani. Kisha mtu aende hospitali siku hiyo hiyo kupata sindano, hata kama jeraha ni dogo, na azimalize zote kama atakavyoagizwa. Mtoto asipigwe kwa kusema ameumwa, afadhali ashukuriwe. Na itangazwapo siku ya chanjo, kila mwenye mbwa amfunge kamba amlete mwenyewe, na asiyekuwa na mbwa amkumbushe jirani yake, kwani mbwa ni wa mmoja lakini hatari yake ni ya mji mzima.