Siki: Ya Achari na ya Kliniki

Tembo la mnazi halingoji mtu. Likigemwa asubuhi ni tamu, jioni lina makali, na likilala siku kadhaa kwenye chombo kilicho wazi linachachuka hadi ukilinusa pua inawasha. Mpishi wa pwani halimwagi. Hiyo sasa ni siki, ya achari ya embe na ya kulowekea pilipili.

Watu wa Babeli walitengeneza siki ya tende maelfu ya miaka iliyopita, na askari wa Roma waliizimua kwa maji wakanywa. Chanzo cha uchachu huo kilikuja kuelezwa na Louis Pasteur wa Ufaransa katika miaka ya 1860: ni bakteria wanaotumia hewa kugeuza kileo kuwa asidi asetiki. Siki nyingi za dukani zina asidi hiyo asilimia 4 hadi 8. Inatosha kuzuia achari isioze na kung'oa ukoko mweupe ndani ya birika. Usiichanganye kamwe na dawa ya madoa yenye klorini, maana hutoa gesi ya sumu.

Habari za mitandaoni kwamba siki ya tufaha huyeyusha kitambi sizipi uzito. Kwamba siki hula meno, hilo ni hakika.

Kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, iko kliniki, katika kuchunguza saratani ya mlango wa kizazi. Muuguzi huchovya pamba kwenye asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, huipaka kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia kwa taa. Sehemu yenye seli zilizoanza kubadilika huwa nyeupe. Weupe huo si lazima uwe saratani, lakini mama hupata jibu kabla hajaondoka, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kuunguza sehemu hiyo.

Utafiti wa Hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, uliohusisha wanawake wapatao 150,000 na kutangazwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa uchunguzi huu ulipunguza vifo vya saratani hiyo kwa asilimia 31. Wapimaji hawakuwa madaktari, bali wanawake wa kawaida waliofundishwa kazi.

Siku hizi kipimo cha HPV, virusi vinavyosababisha saratani hiyo, ndicho kinachopendekezwa zaidi, ila kinahitaji mashine. Penye uhaba wa mashine, siki bado inaokoa. Mama uliyefikisha miaka 30, ulizia kliniki ya karibu. Siki ya jikoni usijipake.