"Wewe kaa tu, mama": Huruma inayowadhoofisha wazee wetu

Mzee akishaambiwa ana sukari au presha, mambo nyumbani hubadilika siku hiyo hiyo. Jembe linafichwa, ndoo ananyang'anywa, mjukuu anatumwa dukani badala yake. Aliyeko kijijini huletwa mjini, akawekewa kiti mbele ya runinga, na dada wa kazi akaagizwa asimwache bibi ashike hata ufagio. "Wewe kaa tu, mama. Kazi umeshafanya ya kutosha."

Yote hayo ni mapenzi, na sioni wa kumlaumu. Ila miezi sita baadaye bibi huyo huyo, aliyekuja mjini akitembea mwenyewe, anashikwa mkono kwenda chooni, na kila mtu anasema ni uzee. Mara nyingi si uzee peke yake. Ni kile kiti.

Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Kikundi cha watu wenye afya njema, wengi wao wakiwa na miaka sitini na kitu au zaidi, walikubali kulala kitandani siku 10 mfululizo huku wakipewa milo yao yote. Walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepungua karibu kilo moja ya nyama. Hawakuwa wagonjwa, wala hawakushinda njaa. Walilala tu.

Kwa mwenye kisukari hasara hiyo ni kubwa mara mbili, kwa sababu misuli haikuumbwa kwa ajili ya kubeba mizigo tu. Sukari inayoingia kwenye damu baada ya mlo, sehemu kubwa huchukuliwa na misuli. Kwa kawaida homoni ya insulini ndiyo inayoifungulia sukari mlango, na kwenye kisukari cha aina ya pili mlango huo umekuwa mgumu. Lakini msuli unaofanya kazi huvuta sukari bila kuisubiri insulini. Ndiyo maana kutembea dakika 10 au 15 baada ya kula hushusha sukari hata kwa mtu ambaye dawa zake hazijabadilishwa.

Watu wengi hudhani faida hizi ni za vijana. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa mwaka 2002 ulifuatilia watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kupata kisukari. Waliopunguza uzito kidogo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kuugua kwa asilimia 58, ilhali waliotumia vidonge vya metformin waliupunguza kwa asilimia 31. Na walionufaika zaidi na mazoezi na mlo walikuwa wenye miaka 60 na kuendelea. Kwao uwezekano huo ulishuka kwa takriban asilimia 71.

Kuna jaribio jingine, la mwaka 1990, ambalo kila mwenye mzazi mzee angepaswa kulijua. Daktari Maria Fiatarone na wenzake walikwenda kwenye makao ya wazee huko Boston, wakachukua wazee 10 dhaifu, wengi wao wenye miaka 90 hivi, wakawanyanyulisha vyuma vizito kwa miguu. Si matembezi ya polepole, ni vyuma. Baada ya wiki nane nguvu za mapaja zilikuwa zimeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kumbe msuli wa miaka 90 bado unajengeka, ukipewa kazi ya kufanya.

Hapa kwetu mfano uko kando ya Ziwa Eyasi. Miaka ya themanini mtafiti Kristen Hawkes na wenzake, walioishi na Wahadzabe, jamii ya wawindaji wa huko, waliwaona bibi vizee wakichimba mizizi saa nyingi kwenye ardhi ngumu, wakiwalisha wajukuu wao. Watafiti waliokuja baadaye waliwavisha Wahadzabe vipimo, wakakuta jambo lisilotarajiwa: nao hupumzika saa karibu 10 kwa siku, sawa na watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa au hupiga magoti, na miguu inaendelea kufanya kazi kidogo kidogo. Sofa haina kazi hiyo. Mkeka ulikuwa nayo, kwa sababu kila anayeukalia hana budi kuinuka kutoka chini.

Msomaji wa Kilimanjaro atanipinga hapa, na ana haki. Utafiti uliofanywa wilayani Hai kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, watu waliolima na kupanda milima maisha yao yote, ulikuta karibu saba kati ya kila 10 wana presha ya juu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Kwa hiyo kulima si kinga. Anayechapa kazi shambani anaweza kudondoka na kiharusi akiwa na jembe mkononi, kwa sababu presha haiumi na hakuna aliyempima. Mazoezi hushusha presha, lakini kwa kiasi. Hayampi mtu ruhusa ya kuacha vidonge. Ninalisisitiza hili kwa kuwa wapo wanaoanza kutembea asubuhi, wakajisikia wepesi, wakaamua kwamba wamepona.

Wazee wenyewe wana sababu zao za kukaa, na si uvivu. Ya kwanza ni magoti. Wakiambiwa "yamesagika", wanaona kila hatua inayasaga zaidi. Ukweli ni kinyume: gegedo, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa ya goti, halina mishipa ya damu, hupata lishe yake linapobanwa na kuachiwa, kama sifongo ndani ya maji. Goti lisilotembezwa linakosa chakula, na paja lililosinyaa linalibebesha mzigo wote. Maumivu kidogo mwanzoni yanavumilika; goti likivimba au likiuma hadi kesho yake, punguza.

Ya pili ni hofu ya kuanguka, na barabara zetu hazisaidii: hakuna njia ya miguu, bodaboda zinapita popote. Ya tatu ni aibu. Mama wa miaka 68 akivaa raba na kutembea mtaani, wapo watakaomcheka. Vikundi vya jogging vya Dar es Salaam vina fulana nzuri na nyimbo, lakini mwenye nyonga mbovu hana nafasi humo.

Basi mzee aanzie ndani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linataka watu wazima, wazee na wenye magonjwa sugu wakiwemo, wafikishe dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na wazee waongeze mazoezi ya nguvu na ya kutopepesuka siku tatu au zaidi. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuongea lakini si kuimba. Nguvu hupatikana kwa kuinuka kwenye kiti bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, kisha tena. Kutopepesuka hujifunzwa kwa kusimama mguu mmoja huku umeshika meza. Muislamu anayesali kwa kusimama, kurukuu na kusujudu ana rakaa 17 za faradhi kila siku. Dini imemruhusu mgonjwa kiti, ila ambaye bado anaweza asikikimbilie. Asiyefikia dakika 150 afanye anazoweza, kwani hata kidogo kinasaidia.

Mwenye sukari avae viatu vilivyofunika vidole na akague nyayo kila jioni, maana mguu wenye ganzi hauhisi mwiba. Anayetumia insulini asitoke bila kitu kitamu mfukoni. Kifua kikibana, pumzi ikikata ghafla au kizunguzungu kikija, acha hapo hapo, uende hospitali.

Na wewe mzee wangu unayesoma haya, siku ya kliniki usiulize vidonge tu. Muulize daktari unaruhusiwa kufanya kazi gani na kwa muda gani, kisha umwombe aliandike jibu kwenye daftari lako, ili na wanao walisome.