Kura Moja ya Kasongo Inafika Wapi? Namna Gavana na Maseneta Wanavyochaguliwa



Katika makanisa yetu ya Kasongo na Kabambare, swali moja linarudi kila mara baada ya uchaguzi: "Sisi tulipiga kura. Gavana huyu tulimchagua lini?" Wengine wanasema alitumwa na Kinshasa. Wengine wanasema ni pesa zilizomchagua. Vijana wanauliza kwa nini rais wa Jamuhuri tunamchagua wenyewe, lakini gavana, au liwali kama wazee wetu wanavyomwita, hatumwoni kwenye karatasi ya kura.

Swali hilo ni la haki. Tunapenda kulijibu polepole, kwa kufuata sheria ya nchi yetu. Tutatazama pia Ujerumani, nchi ambamo hata rais mwenyewe hachaguliwi na raia moja kwa moja. Mwishoni tutasema jambo linalogusa kanisa.

Njia ya gavana wa Maniema

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inasema wazi: gavana na makamu wake wanachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa muhula wa miaka 5, na wanaweza kurudia mara moja tu. Wanaweza kutoka ndani ya bunge hilo au nje yake. Wakisha kuchaguliwa, rais wa Jamuhuri anatoa amri ya kuwasimika. Kwa hiyo Kinshasa inasimika, lakini wanaochagua wako Kindu.

Hatua zenyewe ni hizi. Kwanza, raia wa kila teritwari, yaani Kabambare, Kailo, Kasongo, Kibombo, Lubutu, Pangi na Punia, pamoja na wale wa mji wa Kindu, wanapiga kura ya wabunge wa jimbo. Kura ya mwisho ya namna hiyo tuliipiga Desemba 2023, siku moja na kura ya rais na ya wabunge wa taifa. Pili, wachifu wa kimila wachache wanaongezwa katika bunge la jimbo bila kupigiwa kura na raia. Katiba inasema wasizidi sehemu moja ya kumi. Tatu, vyama, miungano ya vyama au wagombea binafsi wanapeleka majina kwa tume ya uchaguzi, CENI. Kila gavana anaenda na makamu wake, wawili kwa jina moja la kura. Nne, wabunge wanakutana Kindu na kupiga kura ya siri. Anayepata zaidi ya nusu ameshinda. Asipopatikana, wawili wa mbele wanarudi kwa duru ya pili.

Ni kwa njia hiyo Auguy Musafiri alichaguliwa mwaka 2019, Afani Idrissa Mangala mwaka 2022, na Mussa Kabwankubi Moïse mwaka 2024.

Wabunge hao hao wana kazi nyingine ambayo wengi wetu hatuijui: wao ndio wanaochagua maseneta. Kila jimbo linatoa maseneta 4, na Kinshasa 8, jumla 108. Seneti inapitisha sheria za nchi nzima. Basi ile karatasi moja uliyoitia ndani ya sanduku huko Kasongo, ukamchagua mbunge wa jimbo, imezaa gavana, imezaa makamu wake, na imezaa maseneta wanne. Mtu anayeiuza kura hiyo kwa kitenge kimoja au kifuko cha chumvi ameuza vitu vingi kwa mara moja.

Ujerumani: rais asiyechaguliwa na raia

Baadhi ya makanisa ya mashariki yana ushirika na makanisa ya Ujerumani. Kwa mfano, CBCA ni mshirika wa Vereinte Evangelische Mission yenye makao yake Wuppertal. Wageni wanapotoka huko, watu wetu wanashangaa kusikia kwamba hawakumpigia kura rais wao.

Sababu iko katika historia. Kabla ya vita ya pili ya dunia, Wajerumani walimchagua rais wao wenyewe. Mwaka 1925, na tena 1932, walimchagua jemadari mzee, Paul von Hindenburg. Rais huyo alikuwa na uwezo mkubwa, na tarehe 30 Januari 1933 ndiye aliyemteua Adolf Hitler kuwa mkuu wa serikali. Dunia nzima inajua kilichofuata. Walipoandika katiba mpya mwaka 1949, walikata shauri: rais awe na uwezo mdogo, awe mtu wa kuunganisha taifa, na asichaguliwe katika joto la kampeni ya nchi nzima. Uwezo wa kutawala ukabaki kwa mkuu wa serikali, ambaye anatoka katika bunge.

Rais huyo anachaguliwa na mkutano maalumu unaoitwa Bundesversammlung. Mkutano huu una kazi hiyo moja tu, kisha unavunjika. Nusu ya wajumbe wake ni wabunge wote wa bunge la taifa. Nusu nyingine wanachaguliwa na mabunge ya majimbo 16, kila jimbo kadiri ya wingi wa watu wake, na kila chama kadiri ya nguvu yake katika bunge la jimbo. Wajumbe hao wa majimbo si lazima wawe wanasiasa. Mwaka 2022 walikuwamo daktari wa virusi Christian Drosten na kocha wa timu ya taifa ya mpira Hansi Flick.

Mgombea lazima awe Mjerumani mwenye haki ya kupiga kura, na awe ametimiza miaka 40. Mjumbe yeyote wa mkutano anaweza kutoa jina, mradi mtu huyo amekubali kwa maandishi. Lakini kwa kweli vyama vikubwa vinapatana mapema, na mara nyingi jina linajulikana wiki nyingi kabla. Siku yenyewe hakuna hotuba za kampeni: wanaita majina, wanapiga kura ya siri, wanahesabu. Katika duru ya kwanza na ya pili, mshindi lazima apate zaidi ya nusu ya wajumbe wote. Kukiwa na duru ya tatu, mwenye kura nyingi kuliko wenzake anashinda. Muhula ni miaka 5, na rais anaweza kuchaguliwa tena mara moja tu mfululizo. Frank-Walter Steinmeier, aliyechaguliwa mwaka 2017, alirudishwa tarehe 13 Februari 2022 kwa kura 1,045.

Kwetu Waprotestanti kuna majina mawili ya kukumbuka. Mwaka 1969 alichaguliwa Gustav Heinemann, mtu wa sheria aliyewahi kuongoza sinodi ya Kanisa la Kiinjili la Ujerumani. Alishinda katika duru ya tatu kwa kura 512 dhidi ya 506. Mwaka 2012 alichaguliwa Joachim Gauck, mchungaji Mlutheri wa Rostock aliyehubiri chini ya utawala wa kikomunisti. Aliingia baada ya Christian Wulff kujiuzulu kwa sababu ya mashtaka kwamba alipokea fadhila kutoka kwa matajiri. Kesi ilipofika mahakamani, Wulff hakupatikana na hatia. Lakini wakati ule raia waliona kwamba hata shaka tu ni nzito kwa kiti kile.

Kongo nayo ilijaribu

Msidhani kwamba jambo hili ni la wazungu tu. Rais wa kwanza wa nchi yetu hakuchaguliwa na raia moja kwa moja. Mei 1960 raia walichagua wabunge, na Juni 1960, siku chache kabla ya uhuru, mabaraza mawili ya bunge yalimchagua Joseph Kasa-Vubu kwa kura 159. Mpinzani wake Jean Bolikango alipata 43. Patrice Lumumba akawa mkuu wa serikali. Katiba ya 1964, ile ya Luluabourg, ambayo leo ni Kananga, iliendelea mbele: rais achaguliwe na wabunge wa taifa pamoja na wale wa mabunge ya majimbo. Hiyo inakaribia sana njia ya Wajerumani. Lakini haikupata nafasi ya kufanya kazi, kwa maana tarehe 24 Novemba 1965 Mobutu alitwaa uongozi kwa nguvu ya jeshi.

Tukumbuke pia kilichovunja nyumba mwaka 1960. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu alimfukuza Lumumba, Lumumba naye akasema amemfukuza Kasa-Vubu. Mipaka ya kazi kati ya wawili hao haikueleweka vizuri, wala watu hawakukubaliana juu yake. Namna ya kuchagua peke yake haitoshi. Lazima kila mmoja ajue kazi yake inaishia wapi.

Kwa nini kule inatulia na huku inanuka

Mtu anaweza kuuliza: kama kura ya wajumbe inafanya kazi Ujerumani, kwa nini kwetu inaleta manung'uniko? Mwezi wa Machi 2019, baada ya uchaguzi wa maseneta, kelele za rushwa zilikuwa kubwa katika majimbo mengi. Rais Tshisekedi na viongozi wengine wa taifa wakasimamisha kwa muda kuingia kwa maseneta wapya na kusogeza mbele uchaguzi wa magavana, uliofanyika Aprili.

Tunaona sababu tatu. Ya kwanza ni hesabu. Mkutano wa Ujerumani wa 2022 ulikuwa na wajumbe 1,472. Bunge la jimbo letu linahesabiwa kwa makumi. Kununua watu kumi na wawili ni rahisi kuliko kununua mia saba.

Ya pili ni kile kinachonunuliwa. Rais wa Ujerumani hashiki mfuko wa nchi wala hatoi kandarasi za barabara. Gavana wetu anaongoza serikali ya jimbo yenye wizara hadi 10, anashika bajeti, na saini yake ina bei. Mahali penye asali ndipo nyuki wanapokusanyika.

Ya tatu ni sisi wenyewe. Mbunge aliyetumia pesa nyingi kununua kura zetu anafika Kindu akiwa na deni. Wakati wa kumchagua gavana na maseneta anaona ndiyo siku ya kurudisha pesa yake. Rushwa ya Kindu ina mzizi katika vijiji vyetu, siku ile tuliyopokea bia na kofia tukasema, "Hiyo ndiyo haki yetu, hawatarudi tena."

Kisha gavana aliyeingia kwa njia hiyo hana deni kwetu. Ana deni kwa waliomnunulia kiti. Ndipo mama wa Kasongo anapochelewa kufika hospitali kwa sababu ya barabara ya Kindu, yenye zaidi ya kilomita 200. Ndipo watu wa Salamabila, katika Kabambare, wanakimbia risasi za vikundi vyenye silaha karibu na dhahabu ya Namoya, na hakuna anayewauliza walilala wapi.

Kanisa linaijua njia hii

Kuchagua kwa njia ya wajumbe si jambo geni kwetu. Sinodi ya kitaifa ya ECC ndiyo iliyomchagua Mchungaji André Bokundoa mwaka 2017. Ndugu zetu Wametodisti wanachagua maaskofu katika mkutano wa wajumbe, nusu wachungaji na nusu walei. Na katika Matendo ya Mitume sura ya 6, waamini walitafuta watu saba wenye sifa njema, kisha mitume wakawawekea mikono. Kuchagua kulikuwa kwa kusanyiko, kusimika kulikuwa kwa mitume. Tazameni kwamba sifa zilitajwa kabla ya majina. Vilevile Yethro alipomshauri Musa, katika Kutoka sura ya 18, alitaka watu wanaochukia mali ya udhalimu.

Kwa hiyo mshauri wetu kwa makusanyiko ni huu. Mimbari isiwe ya mgombea yeyote. Mchungaji akitaja jina la kumpigia kura, amegawanya kundi lake. Lakini kanisa linaweza kufungua mlango wake siku isiyo ya ibada, likawaita wagombea wote wa ubunge wa jimbo, wa kila chama, pamoja na ndugu zetu Waislamu na Wakatoliki, na kuwauliza mbele ya watu maswali matatu: Ukifika Kindu, utamchagua gavana wa namna gani? Utamwuliza nini juu ya barabara na usalama wetu kabla ya kumpa kura? Utarudi lini kutuambia ulichofanya?

Kura ya Kindu ni ya siri, na sheria inataka iwe hivyo. Hatutaona mkono wa mbunge wetu ulipoandika. Ndiyo maana lazima tuulize mapema, mbele ya mashahidi, na tuandike majibu katika daftari la kanisa. Wakati wa likizo ya bunge, anaporudi nyumbani, tumpokee kwa heshima, kisha tufungue daftari.

Tena, bunge la jimbo lina uwezo wa kumwita gavana ajieleze, na hata kumwondoa kwa kura. Kazi ya mbunge haimalizikii siku ya uchaguzi. Na yetu vilevile.

Muhula huu unakwenda hadi 2028. Wazee wa kanisa, viongozi wa mama na wa vijana, msingoje malori ya kampeni. Fundisheni sasa, wakati hakuna mtu anayegawa vitenge. Anayejua kura yake inafika wapi hataiuza kwa bei ya chumvi.

Bwana awape hekima, na alinde Maniema yetu.