Doa Nyuma ya Jicho la Aliyeugua Saratani

Mgonjwa aliyewahi kutibiwa saratani ya matiti akilalamika kwamba mistari ya gazeti anaiona imepinda, hofu inayotangulia ni kwamba ugonjwa umerudi na safari hii umeingia jichoni. Hofu hiyo ina msingi. Nyuma ya retina kuna koroidi, tabaka lililosheheni mishipa ya damu, na seli za saratani zinazosafiri na damu hunasa humo kwa urahisi. Utafiti wa Wills Eye Hospital, Philadelphia, uliochapishwa mwaka 1997, uliwahusisha wagonjwa 420 waliokuwa na uvimbe uliotokana na seli hizo. Kwa asilimia 47 ulitokana na saratani ya matiti, kwa asilimia 21 na ya mapafu. Kinachotisha zaidi ni kwamba asilimia 34 hawakuwa wamewahi kuambiwa wana saratani. Jicho ndilo lililowafichulia.

Hata hivyo, si kila doa ni saratani. Daktari anapoweka matone ya kupanua mboni na kumulika ndani, uvimbe uliosambaa huonekana wa manjano iliyopauka, mara nyingi maji yakiwa yamejikusanya chini ya retina. Nukta ndogo zinazometameta kama fuwele katikati ya retina humfanya aulize mgonjwa anatumia dawa gani. Madhara hayo ya tamoksifeni, dawa ya saratani ya matiti, yaliripotiwa mwaka 1978 kwa wagonjwa waliotumia dozi kubwa, na kwa dozi ya sasa ya miligramu 20 kwa siku ni nadra. Tiba ya mionzi karibu na jicho nayo huweza kuziba mishipa midogo ya retina miezi au miaka baadaye.

Hatari isiyosubiri ni virusi vya sitomegalo kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka. Retina huwa nyeupe, damu ikiwa imevuja kandokando ya mishipa. Huyu anahitaji dawa za virusi haraka. Akidhaniwa ana mchochota wa kawaida wa jicho na kupewa steroidi peke yake, maambukizi hupamba moto.

Kuna pia wagonjwa ambao retina yao huonekana nzima huku wakiona vimulimuli na kushindwa kuona gizani. Kingamwili zilizotengenezwa kupambana na saratani zimegeukia seli za retina, na kipimo cha umeme wa retina ndicho huonyesha uharibifu.

Kwa hiyo, ukienda kliniki ya macho, taja saratani uliyowahi kuugua, hata kama ulipona zamani, na ubebe orodha ya dawa zako zote.