Matunzo ya mtoto hayasubiri talaka

Jamani, hivi ni nani aliyewaambia watu kwamba asiye na cheti cha ndoa hana pa kudai matunzo ya mtoto? Nimelisikia hilo Sumbawanga mjini, nikalikuta tena Kate kule Nkasi, na sina shaka hata wewe unayesoma hapa umeshalisikia kwenye daladala. Halafu liko la pili, nalo linaumiza zaidi: eti mtoto akitimiza miaka 7 tu, baba anakuja na pikipiki, anampakia, basi, mchezo umekwisha.

Kate niliongea na dada mmoja, watoto wawili, mwenyewe hajafika hata miaka 25. Mume alikwenda Mpanda kutafuta maisha, akatafuta huko huko na mke mwingine. Pesa hatumi, simu hapokei. Ndoa yao ni ya kanisani, na Ufipa unaijua bwana, Wakatoliki kila nyumba. Kila anayemshauri anamwambia avumilie, kwa kuwa Kanisa halitoi talaka. Basi dada wa watu anauza maharage, anavumilia mwaka wa pili sasa, watoto nao wanavumilia bila madaftari.

Nani kamwambia lazima aachike kwanza? Talaka ni kitu kingine na matunzo ni kitu kingine. Anayetaka talaka ya mahakamani anaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, liwe la kata au la dini yake, na likishindwa kuwapatanisha linampa hati ya kwenda nayo mahakamani. Ni safari ndefu. Lakini matunzo ya mtoto unaweza kuyadai hata kama hujaachika, hata kama hamkufunga ndoa kabisa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamwangalia mtoto, haiulizi kama mlikula pilau la harusi.

Njia nyepesi ni kuanza kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye kwa watu wa Kate yuko Namanyere. Anawaita wote wawili, mnakaa, mnakubaliana kiasi, mnaandikishana. Mwenzio akileta longolongo, unakwenda Mahakama ya Watoto. Usiogope kwamba mtaa mzima utakuja kusikiliza, maana kesi hizo hazisikilizwi hadharani. Na kama bwana anaruka kimanga kwamba mtoto si wake, mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba. Hata mimba bado iko tumboni unaweza kufungua maombi ya kuthibitisha baba ni nani.

Kiasi gani? Hakuna bei ya kudumu. Zamani ilikuwepo! Sheria ya mwaka 1949 iliyowahusu watoto wa nje ya ndoa iliweka kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi, na ilidumu mpaka ilipofutwa na hiyo ya 2009. Shilingi mia, hata pipi za wiki hazitoshi. Siku hizi mahakama inaangalia kipato cha wazazi wote wawili, watoto wengine mnaowalea na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Asiyelipa, mshahara au mali yake inaweza kushikwa.

Sasa hiyo miaka 7. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto aliye chini ya umri huo inachukuliwa kuwa ni vema akae na mama, isipokuwa sababu nzuri ikionyeshwa. Haijasema popote kwamba akifika 7 anahamia kwa baba kama mzigo. Mahakama inatazama kwanza ustawi wa mtoto, inasikiliza wazazi, na mtoto mwenyewe kama ana umri wa kujieleza. Mila inatazamwa pia, lakini haishindi ustawi. Na kumhamisha hamisha mtoto aliyezoea mahali, sheria hailipendi.

Akina kaka msinune, zamu yenu hii. Kuna akina dada wanaomficha mtoto kwa sababu baba hajaleta hela, na kuna akina baba wanaobana hela kwa sababu hawajaonyeshwa mtoto. Wote wanamkomoa mtoto. Baba anayekatazwa kumwona mwanawe anaweza kuiomba mahakama impangie siku za kumtembelea au kukaa naye, na anayemlea peke yake anaweza kumdai mama matunzo kama mama ana kipato.

Wakili je? Ukiwa huna pesa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wasiotoza hata senti, ulizia ofisi ya halmashauri. Unapokwenda, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto, risiti za sare na dawa, na zile meseji za simu alizokuahidi kwamba mwisho wa mwezi atatuma. Usizifute hata kama zinakuudhi.