Lori likitoka mgodini, sehemu ya kijiji inakwenda wapi?

Kwenye barabara ya Likasi kwenda Kolwezi, wakaaji wa Fungurume wamezoea kuona malori. Yanapita yamebeba shaba na kobalti, mengi yakielekea mpaka wa Kasumbalesa, na vumbi linabakia kwa mama wanaouza mihogo na makala kando ya njia. Kile ambacho wengi wao hawakuambiwa ni hiki: kwa sheria, wakati ule lori linapotoka kwenye geti la mgodi likiwa na mzigo wa kuuzwa, ndipo deni linapozaliwa. Kampuni inapaswa kulipa ada ya madini, ile inayoitwa kwa Kifaransa redevance minière, na sehemu moja ya ada hiyo ni ya eneo lao.

Si zawadi ya kampuni, wala si huruma ya mkubwa fulani wa Kinshasa. Imeandikwa katika Sheria ya madini, kifungu cha 240 hadi 242.

Sheria ya zamani, ile ya tarehe 11 Julai 2002, nayo ilikuwa imetaja maeneo ya chini. Iligawanya ada ile hivi: asilimia 60 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji au wilaya ambamo mgodi unachimbwa. Lakini pesa zote zilipitia kwanza katika hazina ya Kinshasa, ndipo zirudishwe. Kurudi kwenyewe kulikuwa shida. Kwa miaka mingi viongozi wa maeneo ya chini walisikia juu ya ile asilimia 15 kama mtu anavyosikia juu ya ndugu aliyehamia Ulaya: yupo, lakini hatumi kitu.

Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2018 yalikuwa na uzito kwa vijiji kuliko watu walivyofahamu wakati ule. Vyombo vya habari vilijaa habari za tarehe 7 Machi 2018, siku Rais Joseph Kabila alipokutana Kinshasa kwa saa nyingi na wakubwa wa makampuni, wakiwemo wa Glencore na Randgold. Wao walilalamikia zaidi kuondolewa kwa kipengele kilichowakinga kwa miaka 10 dhidi ya mabadiliko ya kodi. Siku mbili baadaye, tarehe 9 Machi, Rais alitia sahihi sheria namba 18/001. Kinga ya miaka 10 iliondoka. Hisa ya bure ya serikali katika makampuni ya uchimbaji ikapanda kutoka asilimia 5 hadi 10.

Na kimyakimya, ugawaji wa ada nao ukabadilika. Sasa serikali kuu inapata 50, mkoa 25, eneo la chini 15, na 10 inawekwa katika mfuko wa vizazi vijavyo. Muhimu zaidi ni namna ya kulipa: kampuni haipeleki tena vyote Kinshasa. Inalipa kila mmoja fungu lake moja kwa moja. Kiongozi wa sekta anaweza kuwa na karatasi ya benki mkononi, na mkaaji wa sekta ana haki ya kuuliza imeandikwa nini.

Hesabu yenyewe haihitaji diploma. Shaba inalipa asilimia 3.5 ya bei yake ghafi ya sokoni. Kampuni ikiuza shaba ya dola milioni 100, ada ni dola milioni 3.5. Eneo lenye mgodi linapata dola 525,000, na mkoa dola 875,000. Kwa kobalti mambo yanakuwa makubwa zaidi. Tarehe 24 Novemba 2018, Waziri Mkuu Bruno Tshibala alitia sahihi amri ya kuweka kobalti, koltani na jermani katika kundi la madini ya kimkakati, yanayolipa asilimia 10. Kobalti ya dola milioni 100, basi, inaacha dola milioni 1.5 kwa eneo lake. Kwa sekta ambayo haina hata ofisi yenye bati zima, hiyo si pesa ndogo.

Neno "ghafi" katika hesabu hiyo nalo lina kisa chake. Chini ya sheria ya 2002, kampuni iliweza kwanza kutoa gharama za usafiri, uchambuzi, bima na uuzaji, ndipo ada ihesabiwe juu ya kile kilichobakia. Avoka yeyote aliyefanya kazi kwenye migodi anajua gharama zinavyoweza kunenepa kwenye karatasi. Mwaka 2018 mlango huo ulifungwa. Mwingine ulibakia wazi, ule wa kipimo: nani anajua kweli kuna tani ngapi katika lori, na kobalti ni asilimia ngapi ndani ya ule mchanga? Mtumishi wa serikali asiye na maabara wala petroli ya pikipiki anasoma namba ambayo kampuni imemletea.

Mbali na ada hiyo kuna mfuko wa pili ambao watu wanauchanganya nayo kila siku. Sheria inalazimisha kampuni kutenga si chini ya asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya jamii zinazoguswa na mgodi. Pesa hii haiendi kwa sultani wala kwa meya. Inasimamiwa na chombo ambamo kampuni na wawakilishi wa jamii wanakaa pamoja. Kando yake kuna mkataba ambao migodini kila mtu anauita "cahier des charges", daftari la ahadi za kampuni kwa jamii: shule, maji, barabara, kituo cha afya, na tarehe ya kumaliza kila kimoja. Kanuni za madini za Juni 2018 zinataka pia kamati ya maendeleo ya eneo na kamati ya ufuatiliaji, ili malalamiko yasianze na mawe barabarani.

Hapa ndipo kazi ya wanasheria na mashirika ya kiraia inapokuwa nzito, na pengine haionekani. Daftari linaandikwa kwa Kifaransa cha ofisini. Mama wa kijiji aliyechaguliwa kuwa mjumbe anawekewa mbele kurasa nyingi, anaonyeshwa pa kutia sahihi. Kama hakuna mtu wa kumsomea kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao, atajua baadaye kwamba "kisima" alichoahidiwa kiliandikwa "utafiti wa maji". Kusoma pole pole, kuuliza bei ya kila mradi, kudai nakala ibaki kijijini: hiyo ndiyo sheria ya madini inavyofanya kazi, zaidi ya hotuba za bungeni.

Shida kubwa ya ile asilimia 15, lakini, haiko kwa kampuni peke yake. Pesa ikifika, nani anaisimamia? Sheria ya Oktoba 2008 juu ya maeneo ya chini inataka bajeti ipitishwe na baraza lililochaguliwa. Tarehe 20 Desemba 2023 raia walichagua madiwani wa komine, lakini katika miji mikuu ya mikoa tu. Sekta na sultani, kule migodi mingi iliko, zilibakia bila baraza la kuchaguliwa. Mkubwa wa sekta anapokea pesa, anapanga, anatumia, na anayemkagua ni mkubwa aliye juu yake. Wapo wanaojenga kweli. Wapo ambao gari lao ndilo jengo la kwanza kuonekana.

Mipaka nayo imekuwa kesi. Shimo likikaa katikati ya sekta mbili, au mji mpya ukikatwa kutoka usultani wa zamani, jiwe la mpaka ambalo babu zao walilipita bila kulitazama linageuka ghafla kuwa jambo la kupeleka kwa liwali.

Huku Kivu, hesabu ni nyingine. Bisie, katika wilaya ya Walikale, ina mgodi mkubwa wa bati wa kampuni ya Alphamin, na bati linalipa asilimia 3.5. Mwezi wa Machi 2025, waasi wa M23 walipokaribia, kampuni ilisimamisha kazi na kuondoa watu wake, kisha ikarudi Aprili. Lakini sehemu kubwa ya dahabu na koltani ya Kivu inatoka mikononi mwa wachimbaji wadogo, na nyingi inavuka mpaka bila karatasi. Rubaya, katika Masisi, iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya pale si chini ya dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani. Hakuna kifungu cha sheria kinachoweza kufika pale leo na kuomba asilimia 15.

Kule Lualaba na Haut-Katanga, mwaka 2025 ulileta fundisho jipya. Tarehe 22 Februari serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi ili bei ipande. Miezi minne ikaongezwa mingine, hadi tarehe 16 Oktoba ulipoanza mfumo wa mafungu: tani 18,125 kwa miezi iliyobakia ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka katika 2026 na 2027. Bei ilipanda kweli, na Kinshasa ikapongezwa. Lakini ada inazaliwa mzigo unapotoka. Kobalti ikilala ndani ya ghala, fungu la sekta nalo linalala, hata kama shule ilikwisha kuanza kujengwa na fundi anadai pesa ya saruji.

Chini ya mfumo wa mafungu, malori ya kobalti yanaruhusiwa kuondoka tena kwa kipimo. Kwa wakaaji wa Fungurume, swali la kupeleka kwenye ofisi ya eneo lao limebakia lilelile: mwezi huu zimelipwa dola ngapi, na karatasi ya benki iko wapi?