Sheria za Droni: Kupima Chombo au Kupima Hatari

Ibara ya 8 ya Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani, inakataza ndege isiyo na rubani kuruka juu ya nchi mwanachama bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Kwa hiyo kila taifa limeachiwa uamuzi wake kuhusu droni, na maamuzi hayo yanatofautiana sana.

Baadhi ya nchi zimefunga mlango. Misri, kwa sheria ya mwaka 2017, hairuhusu mtu kumiliki wala kurusha droni bila kibali cha Wizara ya Ulinzi, hatua ambayo huenda ikalinda usalama lakini humnyima mpima ardhi na mkulima chombo chenye manufaa makubwa.

Marekani ilichagua kuweka mipaka ya kiufundi. Kanuni zilizoanza kutumika Agosti 2016 kwa shughuli za kibiashara zinataka droni iwe na uzito usiofika kilo 25, isipande zaidi ya mita 120 hivi kutoka ardhini, na mrushaji aweze kuiona kwa macho yake muda wote. Sharti hili la mwisho lina sababu nzito: rubani wa kawaida huepuka kugongana na ndege nyingine kwa kutazama nje, na kwa kuwa ndani ya droni hamna mtu, macho yaliyo chini ndiyo hushika nafasi hiyo.

Hata hivyo, sharti hilohilo lingezuia kazi inayofanyika Rwanda tangu Oktoba 2016, ambako droni za kampuni ya Zipline huruka kutoka Muhanga hadi hospitali zilizo nyuma ya milima, mbali kabisa na upeo wa macho, na kudondosha damu kwa parachuti. Chembe sahani, yaani sehemu ya damu inayosaidia kuigandisha, hudumu kwa siku chache tu, hivyo hospitali ndogo haiwezi kuziweka akiba na mgonjwa anayevuja damu hawezi kusubiri gari. Kanuni za Rwanda za mwaka 2018 zilifuata kipimo kingine: serikali hutaja kiwango cha usalama kinachotakiwa, na mwendeshaji huthibitisha jinsi atakavyokifikia.

Umoja wa Ulaya, ambao kanuni zake zilianza kutumika tarehe 31 Desemba 2020, nao hugawa safari kwa kadiri ya hatari, kwa sababu droni ileile inayoruka juu ya shamba tupu haina madhara sawa inapoangukia umati. Kenya, kwa kanuni zake za mwaka 2020, imefuata mkondo huo. Ndio mkondo ulio sahihi, na nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuukamilisha kwa kuoanisha vibali vyao, ili droni ya kupeleka damu au kupima mafuriko isikwamishwe na mpaka.